Chakula kinapoanza kukwama: kiungulia cha kutuliza na kiungulia cha kupeleka hospitali

Ingia duka lolote la dawa muhimu hapa Dodoma, iwe Majengo, Chang'ombe au Kikuyu, useme "naomba dawa ya vidonda vya tumbo." Utapewa bila kuulizwa swali la pili. Chembe cha moyo kikiuma, ni vidonda. Kifua kikiwaka, ni vidonda. Gesi ikijaa, vidonda. Jina moja limebebeshwa magonjwa manne au matano, na ndilo linalotuletea wagonjwa waliochelewa. Tuyatenganishe kwanza.

Kidonda cha tumbo ni jeraha kwenye ukuta wa tumbo au mwanzo wa utumbo mwembamba. Maumivu yake hukaa pale pale kwenye chembe cha moyo, mara nyingi ukiwa na njaa au usiku wa manane. Kiungulia ni asidi ya tumbo kupanda kwenye umio, njia ya chakula yenye urefu wa sentimita 25 hivi kutoka kooni. Tumbo lina ute mzito wa kulikinga na asidi, umio hauna kinga kama hiyo. Mwishoni mwa umio, karibu na pale unapopenya kiwambo (ukuta wa msuli unaotenganisha kifua na tumbo), kuna msuli wa mviringo unaojikaza kama mdomo wa mfuko wa kamba. Ukilegea wakati usio wake, au tumbo likisukumwa kutoka chini na kitambi, ujauzito au mkanda uliokazwa, asidi hupanda. Ndipo unapohisi mwako unaotoka kwenye chembe na kupanda nyuma ya mfupa wa kifua, na maji makali yakifika mpaka kwenye ulimi, hasa ukiinama au ukilala baada ya kula.

Kiungulia cha siku moja baada ya chipsi mayai za saa nne usiku si ugonjwa. Kikikurudia siku mbili au zaidi kila wiki, au kikikuamsha usingizini, hapo ni ugonjwa na unastahili kutibiwa kwa mpango.

Wengine hawahisi mwako kabisa. Wanachokuja nacho ni kikohozi kikavu cha usiku, sauti inayokwaruza kila asubuhi, pumu inayozidi wakilala, au mate mengi ya chumvichumvi yanayojaa mdomoni ghafla. Daktari wa meno naye anaweza kukuambia kwamba upande wa ndani wa meno yako ya juu umelika. Dalili hizi zina sababu nyingine pia. Kikohozi kilichozidi wiki mbili, kwa mfano, kinapimwa kifua kikuu kwanza.

Sasa dalili ninayoiogopa kuliko zote: chakula kukwama.

Haianzi kwa kishindo. Tonge la ugali mkavu au kipande cha nyama choma kinapita polepole, unahisi kimesimama nyuma ya kifua, unakunywa funda la maji, kinashuka. Wiki kadhaa baadaye unakuta huli bila kikombe cha maji pembeni. Matonge yanakuwa madogo, unakuwa wa mwisho kumaliza sinia, nyama unaiacha ukisema meno yanasumbua. Kisha ni uji tu, na mwishoni hata maji hayapiti vizuri. Mfuatano huo, vigumu kwanza na vimiminika baadaye, maana yake njia inazibwa kidogo kidogo.

Huku kwetu mlenda unaificha dalili hii. Ugali wa uwele au wa mtama ukichovywa kwenye mlenda unateleza hata penye njia iliyokwisha kuwa nyembamba, kwa hiyo mzee anaweza kula miezi mingi bila yeye wala familia kushtuka. Ndiyo maana simuulizi mgonjwa "unameza vizuri?" Jibu huwa ni ndiyo. Namuuliza: mara ya mwisho ulikula nyama au ndizi ya kuchoma bila maji ni lini? Aliye nyumbani anayepika anajua jibu kuliko mgonjwa mwenyewe, hasa akiwa ndiye anayeombwa mlenda kila siku na mtu ambaye zamani hakuupenda hivyo.

Inawezekana ni kovu lililoachwa na asidi ya miaka mingi, na hilo hutanuliwa kwa kamera, yaani mrija mwembamba wenye kamera unaopitishwa mdomoni hadi tumboni. Inawezekana pia ni saratani ya umio. Aina ya saratani inayotokana na asidi hukaa sehemu ya chini ya umio. Aina iliyoenea zaidi Afrika Mashariki ni nyingine, inayohusishwa na tumbaku, pombe na vinywaji vya moto sana. Mwaka 2016 shirika la utafiti wa saratani la Umoja wa Mataifa liliweka vinywaji vinavyozidi nyuzi joto 65 kwenye kundi la vitu vyenye uwezekano wa kusababisha saratani. Zote mbili zinabisha hodi kwa dalili moja hiyo hiyo. Na kuna mtego: njia ikishaziba, kiungulia cha miaka kinaweza kupungua, kwa kuwa asidi nayo haipandi kirahisi. Mgonjwa anashukuru kwamba amepona, kumbe ndiyo kwanza mambo yameharibika. Miongozo mingi ya nje huweka umri wa miaka 55 au 60 ndipo mtu mwenye maumivu ya chembe cha moyo yasiyoisha apelekwe kwenye kamera hata bila dalili nyingine ya hatari. Kwa chakula kukwama mimi siangalii umri, kwa sababu ukanda wetu saratani hii huwapata pia watu wa miaka ya 30 na 40.

Maumivu wakati wa kumeza ni jambo jingine. Hapo chakula kinapita ila kinachoma njia nzima. Kwa mtu mwenye VVU, fangasi wa umio huwa wa kwanza kufikiriwa. Kwa kijana aliyekuwa mzima jana, uliza dawa alizomeza: kidonge cha doksisaiklini kilichomezwa kwa funda moja la maji kisha mtu akalala kinaweza kugandama na kuchoma umio usiku huo huo. Kimeze kwa glasi nzima, ukiwa wima, na usilale kwa nusu saa angalau.

Damu haisubiri. Ukitapika damu mbichi, au matapishi yanayofanana na unga wa kahawa, au ukipata choo cheusi kama lami, kinachonata na chenye harufu kali isiyo ya kawaida, nenda hospitali saa hiyo hiyo, hata kama ni usiku na uko Bahi au Mpwapwa. Mama mjamzito anayemeza vidonge vya kuongeza damu hupata choo cheusi pia, lakini hicho huwa kikavu au cha kijani iliyokolea, hakinati, na hana kizunguzungu. Ukiwa na shaka, pimwa wingi wa damu. Kupungua uzito bila kukusudia, upungufu wa damu usioelezeka na kutapika kila siku chakula cha jana navyo ni vya kupelekwa kwenye kamera, si dukani.

Na si kila mwako wa kifua ni asidi. Maumivu yanayobana kama umewekewa gunia kifuani, yanayokwenda begani, mkono wa kushoto au taya, pamoja na jasho la baridi na pumzi kukata, ni ya moyo mpaka ithibitishwe vinginevyo. Mwenye kisukari anaweza kuhisi "kiungulia" tu. Asipewe dawa ya gesi ili kuona kama itasaidia. Muda huo ndio anaouhitaji kufika hospitali.

Kuhusu dawa, makosa ni yale yale. Vidonge vya magnesiamu vya kutafuna hutuliza kwa saa moja au mbili, haviponyi umio uliochubuka. Maji ya magadi huungana na asidi na kutoa gesi, tumbo linavimba, ule msuli unafunguka tena, na chumvi yake inampandishia presha mwenye presha. Maziwa yanapoza dakika chache kisha tumbo linazalisha asidi upya. Omeprazo ndiyo inayoponya, ila inaliwa vibaya: kidonge kimoja cha miligramu 20 humezwa kizima, dakika 30 hadi 60 kabla ya chai ya asubuhi, kila siku kwa wiki 4 hadi 8. Wengi huimeza usiku baada ya kula, siku kiungulia kikiwasha, kisha husema imeshindwa. Dikilofenaki na aspirini za kununua kwa ajili ya mgongo zinabomoa kila kinachojengwa na omeprazo.

Kipimo cha damu cha H. pylori, bakteria wa tumbo anayeleta vidonda, nacho kinapotosha. Kinaonyesha kwamba mwili uliwahi kukutana naye, na kinaweza kubaki chanya miaka baada ya tiba. Watu hurudia mzunguko wa antibayotiki mara tatu, nne, kwa bakteria ambaye huenda hayupo, huku kiungulia kikiwa hakitokani naye. Kipimo cha choo ni bora, mradi omeprazo iwe imesimamishwa wiki 2 na antibayotiki wiki 4 kabla.

Nyumbani, linalosaidia zaidi ni saa tatu kati ya mlo wa mwisho na kitanda. Pandisha kitanda upande wa kichwani sentimita 15 hadi 20 kwa matofali chini ya miguu yake. Pima kwa rula. Kurundika mito hakufai, kunakunja kiuno na kulibana tumbo. Lalia ubavu wa kushoto. Punguza kitambi. Pilipili, ndimu, tangawizi na mvinyo hutofautiana kwa mtu na mtu, kwa hiyo acha kimoja kimoja uone, usijinyime vyote kwa pamoja.

Ukipewa rufaa ya kamera, usile chakula kwa saa 6 hadi 8 kabla, na maji uache saa 2 kabla. Koo hupuliziwa dawa ya ganzi, mrija mwembamba unapitishwa mdomoni, na kazi yenyewe huchukua dakika 5 hadi 15. Huwezi kuzungumza mrija ukiwa ndani, lakini unapumua kama kawaida. Ukichomwa dawa ya usingizi, njoo na mtu wa kukurudisha na usiendeshe bodaboda siku hiyo. Na chukua maboksi ya dawa zote ulizotumia, pamoja na zile za mitishamba. Ukikatwa kinyama cha kupimwa, omba uandikiwe tarehe ya majibu, na uifuate hata kama kiungulia kimetulia.