Kabla hamjatangaza mnatafuta volontia, hesabuni nani atawajibu

Kwenye miradi ya programu huria, zile ambazo msimbo wake uko wazi kwa kila mtu kuusoma na kuubadilisha, kuna wazo moja linarudi kila mara: kazi zimetuzidi, tiketi (matatizo na kazi zilizoandikwa zinasubiri mtu) zimejaa, basi tutangaze tunataka watu wapya wa kuandika msimbo. Mtu anatengeneza bango zuri, linasambazwa kwenye magrupu yote, na kweli watu wanakuja, maana watu wenye hamu ya kujifunza na kusaidia hawajawahi kuwa adimu. Mimi ni msimamizi wa mradi wa aina hii, sehemu kubwa ya muda wangu inaenda kwenye kupokea pachi za wageni, yaani mabadiliko ya msimbo wanayotuma, na kuzirivyu, kuzikagua kabla hazijaingia, na nikisikia wazo hilo huwa nauliza kitu kimoja tu, nani atawajibu? Kukaribisha kila mtu anaweza. Nauliza nani atasoma walichoandika, ndani ya siku mbili tatu, na kuwaambia kitu cha maana.

Hesabu yake iko wazi ila watu hawaipendi. Pachi ya kwanza ya mgeni inakula muda wa msimamizi kuliko angeiandika mwenyewe. Mistari kumi ya msimbo unaweza kuimaliza kwa nusu saa, lakini ikiletwa na mtu anaeanza unaisoma, unaijaribu kwenye mashine yako, unaelezea kwa nini hapa tunafanya hivi na sio vile, anarekebisha, unaisoma tena, testi, yale majaribio ya kuona kama programu bado inafanya kazi, zinagoma, unamsaidia, jioni imeisha. Faida inakuja baadae, kwenye pachi ya tano, ya kumi, siku ambayo yeye ndio anarivyu za wengine. Sasa mradi ukivuta watu hamsini na warivyu wenyewe ni wawili tena wamechoka, hao hamsini ni mzigo, na wanaoumia zaidi ni haohao wageni: mtu kapambana jioni kadhaa na kazi yenu bila malipo yoyote, katuma, kimya. Wiki, kimya. Mwezi, kimya. Wala hatalalamika, atafunga ukurasa aende zake, na nyie hamtajua mlimpoteza kwa sababu hakuna ripoti inayoonesha walioondoka bila kusema.

Mfano mkubwa ulionekana 2020. Hacktoberfest, kampeni ya kampuni ya DigitalOcean iliyoanza 2014, ilikuwa inampa tisheti mtu anaetuma mabadiliko kwenye miradi huria mwezi wa kumi. Nia nzuri kabisa. Ila mwaka ule wasimamizi wakaamkia mafuriko ya pachi za kuongeza neno moja kwenye README (faili la maelezo ya mradi), kusifia mradi, kuhamisha nukta, na waliokuwa wanafagia ule uchafu ni watu wa kujitolea vilevile. Waandaaji ikabidi wabadilishe kanuni kampeni ikiwa katikati, mradi lazima ukubali wenyewe kushiriki ndio pachi zake zihesabiwe. Sina shida na zawadi. Shida ni kwamba kampeni ilipima kilichotumwa, haikupima kama upande wa pili kuna mtu wa kupokea.

Linganisha na Outreachy, ambayo ilianzia kwenye jamii ya GNOME, mradi wa huria wa mwonekano wa kompyuta za Linux, 2006 kama mpango wa kuwaleta wanawake, baadae ikapanuka kwenda kwenye miradi mingine na kuhudumia watu wengine wanaobaguliwa kwenye teknolojia. Pale mradi hauingii kama haujaleta mentori mwenye jina, mtu wa kumwongoza mgeni, aliyekubali kabisa kwamba kwa miezi mitatu mgeni huyo ni wake. Na kabla hata ya kuchaguliwa, mwombaji lazima afanye mchango halisi kwenye mradi, na mentori anamjibu akiwa bado mwombaji. Google Summer of Code, mpango kama huo wa Google, iliyoanza 2005 na mpaka 2021 ilikuwa ya wanafunzi tu, nayo inadai mentori kabla ya kumleta mtu. Najua hizi zina hela, mshiriki anapewa posho, na miradi mingi midogo haina hiyo hela. Lakini kipande cha mentori kwanza, mgeni baadae, hakihitaji hela, kinahitaji mtu aseme "mimi niko" na amaanishe. Kwetu hatutangazi nafasi mpaka kila jina la mrivyu liwe na idadi ya watu anaowaweza mbele yake, na wengi wanaandika mtu mmoja, wawili wakijitahidi. Idadi ikitoka ndogo basi tangazo linakuwa dogo.

Halafu kuna kazi zenyewe. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, sawa, lakini miradi mingi inampa mtu jembe bila kumwonesha shamba. Anakuta tiketi mia nne, zingine za miaka sita iliyopita, zingine wenyewe kwa wenyewe wamebishana komenti themanini hawajaelewana, halafu anaambiwa chagua yoyote. Hawezi. Hata mimi nikiingia mradi nisioujua siwezi.

Wanaonifurahisha kwenye hili ni LibreOffice, programu huria za ofisi za kuandikia na kufanyia mahesabu. Walipojitenga na OpenOffice.org mwezi wa tisa 2010 walirithi msimbo mkubwa sana na wa zamani, asili yake StarOffice iliyoandikwa na kampuni ya Kijerumani, kiasi kwamba maelezo ndani ya mafaili ya msimbo yalikuwa kwa Kijerumani. Wakatengeneza orodha wakaiita Easy Hacks, na humo wakaweka vitu kama kutafsiri maelezo yale kwenda Kiingereza na kufuta msimbo uliokufa, ule usioitwa na kitu chochote. Angalia akili iliyotumika hapo. Kazi ni ya kweli, mradi unaihitaji, inagawanyika vipande vidogo visivyotegemeana, ukikosea hauvunji programu ya mtu, na wakati unaifanya unalazimika kulijenga lile programu kwenye mashine yako, kutuma pachi, kurivyuwa, yaani unapita njia nzima ya mchango mara moja, ukimaliza unaijua nyumba hata kama ulichogusa ni faili moja.

Kwa hiyo tiketi ya kuanzia inaandikwa, haitokei tu kwa kubandikwa lebo. Naandika tatizo linatokea vipi, faili gani la kuangalia kwanza, matokeo yanayotakiwa yaweje ili tuseme imeisha, testi ipi ya kuendesha, na nani wa kuulizwa. Inachukua muda, saa ingine muda uleule ambao ningemaliza hiyo kazi, na hapo ndipo wasimamizi wengi wanaponikatalia, wanasema si bora nifanye mwenyewe. Bora kwa leo, ndio. Na tiketi ya haraka usimpe mgeni, ile ambayo toleo jipya linaisubiri, utamkimbiza halafu utamnyang'anya, na kumnyang'anya mtu kazi ya kwanza inamkatisha tamaa kuliko kumkatalia. Pia wazoefu waziache hizi tiketi jamani, hata kama ni dakika kumi na una hamu ya kupunguza orodha.

Kitu kingine kidogo ila kinasumbua, mtu anaandika "naichukua hii" halafu anapotea na tiketi inabaki imeshikwa. Wekeni muda, sisi ni wiki mbili, baada ya hapo tunamuuliza kwa upole na tukikosa jibu inaachiwa. Mradi wa Rust, lugha ya kuandikia programu, una boti (programu inayojibu yenyewe) kwa mambo haya, unaandika komenti ya kuchukua tiketi inaandikwa jina lako, na ukituma pachi boti inakupangia mrivyu hapohapo. Kwa mgeni hilo la pili ni kubwa sana, kwamba toka dakika ya kwanza kuna jina la mtu mwenye wajibu na pachi yako, hauhitaji kujiuliza umsumbue nani.

Na wengi wanaokwama hawakwami kwenye msimbo. Wanakwama kusakinisha, laibrari fulani (msimbo wa wengine unaotegemewa) haipatikani, toleo la kompaila, ile inayogeuza msimbo kuwa programu, sio lenyewe, mwongozo uliandikwa na mtu ambae mashine yake ilikuwa tayari na kila kitu. Au wanakwama kwenye Git, programu ya kutunza historia ya mabadiliko ya msimbo. Linus Torvalds, mwanzilishi wa Linux, aliianzisha 2005 kwa ajili ya kazi ya kerneli ya Linux, yaani kiini cha mfumo huo, na imewafaa sana watu wa kerneli, ila mtu anaeambiwa kwa mara ya kwanza "fanya rebase halafu unganisha komiti zako ziwe moja", yaani ahamishie mabadiliko aliyohifadhi juu ya msimbo mpya na kuyakusanya, anaweza kupoteza siku mbili na kazi yake yote juu. Mimi wa namna hiyo namwambia acha, tuma hivyohivyo, nitaziunganisha mimi wakati wa kuingiza, utajifunza kwenye pachi ya tatu. Git inaweka jina la mwandishi mbali na jina la aliyeingiza komiti, kwa hiyo nikimsafishia kazi sifa inabaki yake, jina lake ndio linaloonekana kwenye historia. Na mwongozo wa kusakinisha tunamwomba mgeni aandike kila alipokwama, yeye ndio mtu pekee anaeona mashimo yale, sisi wengine macho yameshazoea.

Mambo ya nafasi na mabano na urefu wa mstari yaachieni mashine. Kweli kabisa, mtu akiambiwa na programu kwamba mstari wake mrefu anaurekebisha anaendelea, akiambiwa na binadamu mara kumi na tano kwenye pachi moja anajisikia mjinga. Rivyu ya binadamu iongelee wazo. Nikirivyu pachi ya kwanza naanza na kusema nimeelewa alichokuwa anajaribu kufanya, halafu natenganisha, hivi viwili lazima virekebishwe ndio iingie, haya mengine ni maoni tu ukipenda. Usipotenganisha mgeni anaona kila komenti ni amri, akihesabu anakuta ishirini, anaacha.

Ukitaka kukataa kataa mapema, na utoe sababu. Watu wanadhani kukaa kimya ni ustaarabu, lakini "hapana" ya siku ya pili yenye maelezo inamwacha mtu na heshima yake na anaweza kurudi na kitu kingine. Lugha pia. Kwa miaka mingi kulikuwa na imani kwenye baadhi ya miradi kwamba ukali ndio unalinda ubora, mpaka mwezi wa tisa 2018 Torvalds mwenyewe akaomba radhi hadharani kwa ukali wa barua pepe zake, akapumzika kwa muda, na kerneli ikapokea kanuni mpya za maadili. Ubora wa kerneli unatokana na rivyu ngumu, na rivyu inaweza kuwa ngumu bila tusi hata moja.

Siku hizi limeongezeka la pachi zinazoandikwa na akili bandia, mtu anatuma msimbo ambao hajausoma mwenyewe. Mimi simfukuzi mtu kwa kutumia kifaa, namuuliza swali moja kuhusu mstari mmoja, kwa nini umefanya hivi? Anaejifunza atajibu hata kama jibu halijakaa sawa, na hapo tunaendelea nae. Akinijibu kwa kubandika aya nyingine ya mashine nafunga, maana muda wa warivyu ndio kitu tulichonacho kidogo kuliko vyote.

Sasa pachi ya kwanza ikishaingia, hapo ndipo pa kuangalia sana, na miradi mingi inalala hapohapo. Asante, kidole gumba, basi. Mtu kafurahi, ana moto, anaujua tayari ule upande wa msimbo, na hamna anaemwambia kinachofuata. Mimi siku ileile namtumia tiketi ya pili iliyo jirani na ile ya kwanza, ngumu kidogo zaidi, na namwambia kwa nini nimemfikiria yeye. Baada ya pachi kadhaa namwomba arivyu ya mgeni mwingine nikiwa pembeni, au apange tiketi mpya, ajaribu kama tatizo linatokea kweli. Kazi ya kupanga tiketi inadharauliwa lakini inamfundisha mtu mradi mzima, na inampunguzia msimamizi mzigo kuliko msimbo wenyewe.

Kuhusu kumpa mtu ruhusa ya kuingiza msimbo moja kwa moja, tukio la xz, programu ndogo ya kubana mafaili, la 2024 limewatisha wengi, na halali yao. Msimamizi alikuwa peke yake na kachoka, mtu aliyejiita Jia Tan akaja kusaidia, akajenga uaminifu kwa zaidi ya miaka miwili huku akaunti nyingine zikimshinikiza msimamizi aachie majukumu, mwisho mlango wa siri ukaingizwa kwenye matoleo 5.6.0 na 5.6.1. Aligundua mhandisi wa programu Andres Freund mwezi wa tatu mwaka ule, kwa sababu tu kuingia kwa SSH, njia ya kuingia kwenye kompyuta ya mbali, kulikuwa kunachelewa kama nusu sekunde na yeye akafuatilia. Kuna waliohitimisha kwamba tusiwaamini wageni. Mimi naona uchovu wa yule msimamizi na upweke wake ndio vilivyotumika, laiti wangekuwa watatu ile shinikizo isingekuwa na pa kushika. Kwa hiyo ruhusa tunatoa hatua kwa hatua, kila mabadiliko yanapita kwa jicho la pili hata yangu, na toleo halitoki kwa mkono wa mtu mmoja.

Na watu wataondoka, hawa ni wa kujitolea, wanapata kazi, wanapata watoto, wanachoka. Debian, mradi wa mfumo endeshi wa Linux, wana hadhi ya emeritus kwa mtu aliyestaafu shughuli za mradi, anaondoka kwa heshima na ruhusa zake zinafungwa. Hata mradi mdogo unaweza kufanya hivyo: mtu akikaa kimya muda mrefu muulizeni kama mzigo umezidi, chukueni tiketi zake bila lawama, ondoeni ruhusa za akaunti yake kwa usalama, na mwambieni wazi mmeziondoa kwa sababu gani na akitaka kurudi amwandikie nani.