Sahihi ya marehemu, na dhana nyingine potofu kuhusu vitabu vya mtumba vya historia ya manowari

Julian Corbett, mwanahistoria wa Kiingereza wa vita vya baharini, alifariki Septemba 1922. Juzuu ya tatu ya Naval Operations, historia rasmi ya Uingereza ya vita vya majini vya 1914 hadi 1918, ilitoka 1923. Basi ukiletewa juzuu hiyo ikiwa na sahihi ya Corbett, huna haja ya mtaalamu wa mwandiko. Kalenda inakutosha. Thomas Boteler naye, ofisa aliyepima pwani yetu katika msafara wa Kapteni Owen miaka ya 1820, alikufa Afrika Magharibi 1829, na kitabu chake cha safari hiyo kikachapwa London 1835. Atakayekuuzia Boteler "aliyesainiwa na mwandishi" anakuuzia muujiza.

Vitabu vya aina hii huibuka mara mojamoja kwenye meza za kando ya barabara, zile ambazo Nairobi huitwa "inama", na mara nyingi zaidi kwenye masoko ya mtandaoni ya Uingereza na Ujerumani. Maneno ya wauzaji ni yaleyale kila mahali: tazama jina, tazama umri. Mimi nasema tazama kitabu chenyewe kwanza, maana ushahidi mwingi umo humo.

Dhana: Chenye sahihi lazima kiwe ghali

Kwanza uliza kama aliyesaini alikuwa mwepesi wa kusaini. Admirali Karl Dönitz, aliyeongoza nyambizi za Ujerumani katika Vita vya Pili vya Dunia, alitoka gereza la Spandau 1956, akatoa kumbukumbu zake 1958, akaishi hadi 1980. Miaka yote hiyo watu walimwandikia barua, naye akajibu na kusaini. Sahihi yake inaweza kuwa ya kweli kabisa, ila si adimu. (Kwa nini mtu aitamani sahihi ya mtu aliyehukumiwa Nuremberg kwa makosa ya vita ni mjadala mwingine. Mimi siitaki kwenye rafu yangu.)

Pili, uliza imesainiwa juu ya nini. Kwenye vitabu vya vita ni desturi kutuma lebo kwa mwandishi au kwa mabaharia wastaafu, wazisaini, kisha zibandikwe ndani ya jalada. Wino ni wao, lakini kitabu hicho huenda hawakukiona maishani. Bei yake kwa kawaida huwa chini ya sahihi iliyoandikwa juu ya ukurasa, na muuzaji mwaminifu atasema waziwazi kwamba ni lebo.

Halafu zipo sahihi zilizochapwa, na hizi ndizo zinazowaliza wengi. Kumbukumbu za maofisa za mwanzo wa karne ya 20 mara nyingi hufunguka kwa picha ya mwandishi, na chini ya picha sahihi yake, vyote viwili vimepita kwenye mashine pamoja. Ukitumiwa picha kwa simu, utaapa ni wino. Kitabu kikifika mkononi, chukua lenzi na umulike karatasi kutoka pembeni. Kalamu ya nibu huacha mstari unaonenepa na kukonda. Wino hujikusanya pale mkono uliposita au mistari ilipokatana, na ncha hukwaruza nyuzi za karatasi kidogo. Sahihi ya mashine ina weusi wa aina moja toka herufi ya kwanza hadi ya mwisho, pengine na vidoto vya uchapaji.

Angalia pia kalamu yenyewe. Biki zilianza kuuzwa madukani Marekani Oktoba 1945. Kapteni George Sulivan, aliyekimbiza majahazi ya watumwa kwenye maji yetu, alifariki 1904. Hakuishika biki hata siku moja. Kwa Nelson, admirali maarufu wa Uingereza, kipimo ni mkono: Julai 1797 alipoteza mkono wa kulia huko Tenerife, ikambidi ajifunze kuandika kwa kushoto. Barua yenye mwandiko wake wa ujana na tarehe ya 1803 imeandikwa na mtu mwingine.

Kuna na imani kwamba kitabu kilichoandikwa "Kwa Fulani" kimeharibika, afadhali sahihi tupu. Inategemea Fulani ni nani. Kama hajulikani, sawa, wengine watapendelea sahihi tupu. Kama alikuwa baharia kwenye manowari inayosimuliwa humo ndani, maneno hayo mawili ndiyo yanayokipa kitabu uzito, na hakuna sahihi tupu itakayokifikia. Usithubutu kulifuta jina. Karatasi iliyosuguliwa hubaki nyembamba, na ukiielekeza kwenye mwanga inakusema.

Dhana: Kadiri kilivyo cha zamani ndivyo kilivyo cha thamani

Umri peke yake haununui kitu. Historia nyingi za jeshi la majini la Uingereza za karne ya 19 zilichapwa kwa wingi, na hadi leo zimejaa madukani huko. Kwa upande mwingine, Kevin Patience alichapisha mwenyewe, katika miaka ya 1990, vijitabu vyembamba kuhusu vita vifupi vya Zanzibar vya 1896 na kuhusu manowari ya Kijerumani Königsberg. Havina ngozi wala herufi za dhahabu. Lakini anayefuatilia kisa cha manowari ya Kiingereza HMS Pegasus, iliyopigwa na Königsberg bandarini Zanzibar asubuhi ya tarehe 20 Septemba 1914, atavitafuta kabla ya majuzuu manene.

Umri wenyewe nao hughushiwa, mara nyingi bila hata nia mbaya. Chukua Dhow Chasing in Zanzibar Waters cha Sulivan na Slave-Catching in the Indian Ocean cha Philip Colomb. Vyote viwili vilitoka London 1873, mwaka uleule ambao Sultani Barghash alibanwa akatia saini mkataba wa kufunga soko la watumwa. Zanzibar ilikuwa gumzo na wachapishaji walijua. Vyote vimechapwa upya baadaye. Siku hizi kuna na nakala zinazochapwa moja moja kwa oda kutokana na picha za kurasa za zamani, na muuzaji akijaza fomu mtandaoni huandika mwaka "1873" kwa kuwa ndio ulio kwenye ukurasa wa jina. Kabla ya kulipa, omba picha ya nyuma ya ukurasa wa jina na picha ya ukurasa wa mwisho kabisa. Nakala ya oda mara nyingi hujitaja hapo nyuma kwa msimbo wa mistari. Na kama asili ilikuwa na ramani ya kukunjuliwa, kwenye nakala hizi unaweza kuikuta imekatika nusu, au imepigwa picha ikiwa bado imekunjwa.

Dhana: Toleo la kwanza ndilo bora

Kwa mkusanyaji, huenda. Kwa msomaji, si lazima. Juzuu ya kwanza ya Corbett, ya 1920, ilirekebishwa 1938; ya tatu ikarekebishwa 1940. Anayetaka kujua kilichotokea angependa marekebisho. Anayetaka kujua ugomvi ulivyokuwa atatafuta ile ya 1923, kwa sababu wakuu wa Jeshi la Majini waliweka humo tangazo kwamba baadhi ya kanuni zinazotetewa kitabuni zinapingana moja kwa moja na maoni yao. Serikali inalipia historia yake, kisha inaikana ukurasa wa mbele! Kwa tangazo hilo peke yake mimi ningenunua.

Tahadhari ya namna hiyohiyo inazihusu juzuu za Stephen Roskill, historia rasmi ya Uingereza ya Vita vya Pili baharini, zilizotoka kati ya 1954 na 1961. Habari kwamba Waingereza walikuwa wakisoma ujumbe wa siri wa nyambizi za Wajerumani haikuwekwa hadharani hadi 1974, hivyo huwezi kuitarajia humo. Ziweke rafuni, ila usizisome peke yake.

Dhana: Kurasa zote zipo, basi kitabu kimekamilika

Hapa ndipo pesa nyingi hupotea, na ndipo watu hawatazami. Historia ya manowari bila ramani ni nusu ya historia. Königsberg ilijificha kwenye mikoko ya delta ya Rufiji, Waingereza wakaleta manowari mbili za kina kifupi, Severn na Mersey, zipande mito huku ndege zikielekeza mizinga, hadi tarehe 11 Julai 1915 Wajerumani wenyewe walipoilipua meli yao. Jaribu kuyafuata hayo yote bila kujua mkondo upi unaingilia wapi.

Ramani za juzuu ya kwanza ya Corbett zilitolewa kwenye kasha la peke yake, na miaka mia moja inatosha kabisa kwa kasha na kitabu kuachana. Nakala ya maneno bila kasha huuzwa kama kitu kizima, na muuzaji pengine hajui. Kwenye vitabu vya karne ya 19, kama simulizi la Owen la 1833 lenye juzuu mbili, hatari ni mkasi: picha na ramani za kukunjuliwa hukatwa, zikatiwa fremu na kuuzwa mojamoja. Fungua orodha ya picha na ramani mwanzoni, hesabu moja baada ya nyingine, kisha pitisha kidole kwenye mshono. Ukigusa ukingo mwembamba wa karatasi uliobaki, kuna kitu kimeondoka.

Dhana: Muhuri wa maktaba maana yake kimeibwa

Maktaba huuza vitabu kihalali, na huweka muhuri wa pili wa kuonyesha kwamba kitabu kimeondolewa. Muhuri wa kwanza ukiwepo bila wa pili, uliza, na usiporidhika acha. Muhuri wa maktaba ya meli, kwa upande wake, ni wa kufurahia.

Dhana: Plastiki, jua na mafuta hukitunza

Kwa wanaoishi pwani, mfuko wa plastiki uliofungwa kabisa hufungia unyevu ndani pamoja na kitabu, na ukungu hauhitaji zaidi ya hapo. Kukianika juani kunapausha jalada na kulipinda. Ngozi iliyochakaa haihitaji mafuta ya nazi wala ya viatu. Yanatia doa na kuvuta vumbi. Selotepu ndiyo mbaya kuliko vyote, hugeuka kahawia na doa halitoki. Mende wanapenda wanga ulio kwenye vitambaa vya majalada ya zamani na watautafuna usiku mmoja usiotazama. Weka rafu mbali kidogo na ukuta wa nje, acha hewa ipite, na usivibane vitabu. Risiti na barua ya muuzaji tia kwenye bahasha ya pembeni yenye jina la kitabu. Ukizibandika ndani kwa gundi, atakayekuja kununua kwako atakata bei.