Ukiona njia ya mchwa ukutani, usiifute

Karibu kila nyumba ninayoitwa kukagua, mwenyewe hunipokea kwa maneno yaleyale: "Tunafuta, wanarudi." Ameuona mstari wa udongo ukipanda ukutani, akachukua fagio, akaufuta, akapaka rangi. Wiki mbili baadaye umechomoza sentimita chache pembeni. Akafuta tena. Hadi siku anayonipigia simu, fremu ya mlango ukiigonga kwa kidole inalia kama debe tupu.

Nianze kwa kusema kuwa mchwa ninaowazungumzia ni wale wa ardhini, si wale wanaosemwa kutafuna fedha za halmashauri. Hawa wa kwetu wana mwili laini unaokauka upesi kwenye hewa kavu, ndiyo maana hawatembei hadharani kama siafu. Hujenga kijia cha udongo uliochanganywa na mate na kinyesi, chenye upana wa penseli hivi, wakapita humo kwenda kwenye mbao na kurudi ardhini kwenye unyevu. Kijia hicho ndicho ushahidi mkubwa ulio nao. Ukikifuta, umepoteza njia ya kuwafuatia, na wenyewe hujawagusa.

Badala yake, vunja kipande kidogo katikati, urefu wa kidole, kisha acha. Ukiona wadudu weupe wakihangaika hapohapo, au kesho yake ukakuta pamezibwa kwa udongo mbichi wenye rangi iliyokolea, njia inatumika. Pasipozibwa kwa siku kadhaa, huenda wameihama, lakini usifurahi kabla hujakagua vyumba vingine. Kisha fuata kijia kuelekea chini. Wengi hukimbilia juu kwa sababu huko ndiko kwenye kenchi na singibodi zilizowagharimu, lakini mchwa huyu ametoka chini, na huko ndiko anakotibiwa.

Nilikifuata kijia cha namna hiyo kwenye nyumba moja nje kidogo ya Dar es Salaam. Kilijificha nyuma ya kabati la nguo. Tulipolisogeza, plaiwudi ya mgongoni ikabaki ukutani. Ndani mlikuwa na bahasha ya vyeti vya shule. Kwa nje ilikuwa nzima, ila mama mwenye nyumba alipoifungua mlimwagika udongo na vipande viwili vya karatasi vyenye muhuri. Kijia kilishuka hadi kwenye ufa mwembamba kati ya sakafu na ukuta. Tukavunja pale. Chini ya zege tukakuta mbao za kufungia zege na vipande vya mirunda ambavyo mafundi walivifukia pamoja na kifusi. Familia ile ilikuwa imewawekea mchwa ghala la chakula, ikalifunika kwa sakafu.

Kosa hili naliona kuliko jingine lolote. Fundi anamaliza msingi, mabaki ya mbao yamezagaa, kuyabeba ni kazi, basi yanakuwa kifusi. Au kisiki cha mwembe kinaachwa chini ya chumba cha watoto kwa kuwa kuking'oa kuna gharama. Kama bado unajenga, simama mwenyewe siku ya kujaza kifusi. Hakikisha hakuna hata kipande cha ubao kinachobaki, kisha udongo unyunyiziwe dawa ya mchwa iliyochanganywa na maji kwa kipimo cha lebo; kwa kawaida ni kama lita 4 hadi 5 za mchanganyiko kwa kila mita ya mraba, na zaidi kidogo kandokando ya kuta na mahali mabomba yanapopenya sakafu. Nailoni na zege vifuate upesi, kabla mvua haijaiosha dawa.

Kumbikumbi, yaani mchwa wenye mbawa, huwachanganya wengi. Mvua za kwanza zikinyesha, wanaruka kwa maelfu kuifuata taa, na mtu anaamka asubuhi akikuta mbawa zimetapakaa barazani. Hao wa barazani wasikutie hofu, wametoka popote jirani (na wanaojua kuwakaanga wanajua la kufanya). La kutisha ni kumbikumbi kutokea ndani, kwenye ufa wa sakafu au nyuma ya fremu, au mbawa kurundikana kwenye dirisha la chumba kilichokuwa kimefungwa. Hapo ujue wana njia ndani ya jengo.

Je, ukichimba kichuguu na kumtoa malkia? Wazee wengi huapa kwa dawa hiyo, na mara nyingine hufaulu. Lakini wengi wa mchwa wanaoshambulia nyumba, kama Odontotermes na Microtermes, hukaa chini ya ardhi bila kichuguu cha kuonekana, na hata kwenye vichuguu vikubwa vya Macrotermes huko Kenya watafiti wamewahi kukuta malkia zaidi ya mmoja. Malkia wa kundi kubwa hutaga maelfu ya mayai kwa siku. Ndiyo maana kopo la dawa ya mbu unalopuliza ukutani halikusaidii: umeua vibarua mia mbili, kesho wengine wameshika zamu.

Nyumba iliyokwisha kujengwa hutibiwa kwa kuzungushia dawa kwenye udongo. Huchimbwa mfereji wa kina cha sentimita 30 hivi ukigusana na msingi, unamiminiwa dawa, na udongo unaorudishwa nao unalowanishwa. Ndani, sakafu hutobolewa matundu madogo kila baada ya sentimita 30 kando ya ukuta, dawa ikapigwa humo na matundu yakazibwa. Muulize fundi wa dawa anatumia nini. Bifenthrini na jamaa zake huwafukuza mchwa, kwa hiyo ukiruka sehemu moja watapitia hapo. Fipronili na imidaklopridi hawazihisi. Hupita, hujipaka, huambukizana wakirambana, na hufa taratibu. Mimi huchagua hizi mara nyingi, ila si kando ya kisima.

Akikuletea chupa ya soda isiyo na lebo na kukunong'oneza kuwa ni "ile kali ya zamani", mrudishe alikotoka. Dieldrini, aldrini na klorodani ziliwekwa kwenye Mkataba wa Stockholm wa mwaka 2001 kwa sababu hukaa kwenye udongo na mwilini miaka na miaka. Kiuatilifu halali Tanzania husajiliwa na TPHPA (Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu), na namba ya usajili huwa kwenye lebo. Oili chafu nayo si dawa: huwazuia kwa muda, hunuka, na huchafua udongo.

Mbao za kijani zilizotiwa dawa ni kinga nzuri kwa paa, lakini nyingi zina aseniki. Vipande vinavyobaki visipelekwe jikoni kuwa kuni, hata siku moja.

Kuna mchwa mwingine, hasa mwambao: huyu hahitaji udongo wala kijia. Anaishi ndani ya ubao mkavu, kwenye kiti au boriti ya nyumba kongwe, na dalili yake ni chembe kavu kama chenga za mchanga zinazomwagika chini ya tundu dogo; ukizitazama kwa lenzi utaona zina pande sita. Mfereji wa nje haumgusi. Ubao hutobolewa na kupigwa dawa ndani, au kipande hicho kiondolewe.

Na kile kijia ulichokivunja? Kiache hivyohivyo hata baada ya dawa kupigwa. Kiangalie kila wiki kwa miezi mitatu, kisha ndipo ununue rangi.