Mwarobaini nao ni kemikali, jamani

Juzi msibani mzee mmoja alinimiminia dawa ya mwarobaini kikombeni. "Kunywa, mwanangu. Hii haina kemikali." Nikanywa, ikanikunja uso. Sasa uchungu ule ni nini, mzee wangu, kama si limonoidi, kemikali chungu za mti huo?

Mimi nakula mshahara kwa kutenganisha vitu vya ndani ya mimea, na sentensi hiyo nimeisikia mpaka basi. Chukua azadirakitini, limonoidi mojawapo ya kwenye mbegu za mwarobaini huohuo: atomi za kaboni 35, haidrojeni 44, oksijeni 16. Wanakemia Butterworth na Morgan waliitenga mwaka 1968. Umbo lake sahihi halikujulikana mpaka miaka ya 1980, na kundi la mwanakemia Steven Ley kule Cambridge lilihangaika miaka 22 kuiunda maabara, likafanikiwa 2007. Miaka ishirini na miwili! Mti ulio nyuma ya choo cha jirani unaiunda bila kelele. Ya mti na ya Ley ni molekuli ileile. Mtu wa isotopu, yaani atomi za elementi moja zinazotofautiana uzito, anaweza kukuonyesha ipi ilitoka wapi, sawa, lakini mdudu anayeila hana habari na isotopu. Kwake swali ni kaila kitu gani na kiasi gani. Kwako pia.

Hapo ndipo "asili" inaponichosha. Kikombe kile kilikuwa na mamia ya vitu, na kiasi cha kila kimoja hubadilika kwa mti, msimu na muda wa kuchemsha. Halafu mimi mwenye mizani ya tarakimu nne ndiye naitwa mtu wa kemikali.

Lakini nasi tusijisifu sana. Miezi minane ya kwanza ya utafiti wangu, nikitenganisha dondoo la mmea kwa safu baada ya safu ya unga wa silika na viyeyusho vya heksani na ethili asetati mpaka kichwa kinauma, nilipata fuwele nyeupe kama sindano. Nililala nazo chini ya mto. NMR, kipimo cha kuonyesha umbo la molekuli, ikasema ni sitosteroli, kitu cha kawaida kilichomo hata kwenye mafuta ya alizeti ya kukaangia chapati.

Baya zaidi ni fithalati, kemikali za kulainisha plastiki. Hutoka kwenye mipira ya plastiki ya maabara, huingia kwenye kiyeyusho, na wapo waliozichapisha kama mazao ya mmea. Kwenye spektra ya masi, mchoro wa uzito wa vipande vya molekuli, hujitangaza kwa kilele cha 149. Nina kichupa kimoja cha enzi zile, kimeandikwa "mpya?" kwa kalamu nyekundu. Kwenye spektra yake kilele hicho kimo. Sijakipima tena.