Kabla ya Kulaumu Shawa ya Moto, Uliza Presha ya Maji

Katika chuo cha ufundi ninakofundisha hapa Nairobi, meza ya karakana haikosi shawa ya moto iliyoungua. Wanafunzi huzileta kutoka makwao, majirani hunitumia, na mwaka jana alikuja mama mmoja wa Pipeline, Embakasi, na katoni yenye shawa tatu. Zote zilikuwa zimekufa ndani ya miezi minane. "Mwalimu, niambie ile ambayo si feki," akasema. Nikamuuliza anakaa ghorofa ya ngapi, na tangi la ploti liko wapi. Akaniangalia kama mtu aliyeenda kung'olewa jino akaulizwa habari za magoti.

Anakaa ghorofa ya chini kabisa. Tangi liko juu ya paa, na kati yake na tangi kuna ghorofa tisa. Sikuhitaji kufungua zile shawa ili nijue kilichoziua, ingawa nilizifungua.

Tunaiona shawa ya moto kuwa kifaa cha stima, na ikiharibika tunamwita fundi wa stima. Kwa uzoefu wangu, nyingi huanza kuharibikia upande wa maji. Stima huja baadaye kumalizia kazi.

Hesabu ya presha haihitaji shule kubwa. Maji yaliyosimama mita 10 juu yako yanakusukuma kwa takriban bar 1. Ghorofa moja ya nyumba zetu ni kama mita 3, kwa hiyo kila ghorofa iliyo kati ya bafu lako na tangi huongeza bar 0.3 hivi. Mwenye nyumba ya chini Kasarani ambaye tangi lake limekaa juu ya paa la bafu hapati hata nusu bar. Yule mama wa Pipeline ana karibu bar 3 usiku na mchana. Sasa soma kibandiko cha shawa yako. Nyingi za zile zinazouzwa hapa, ambazo asili yake ni Brazil, zimeandikwa kipimo cha kutoka 10 kPa hadi 400 kPa, yaani bar 0.1 hadi bar 4. Utasema bar 3 iko ndani ya mpaka, na ni kweli, lakini ngoja tufike kwenye pampu na kwenye kile kijidude ambacho watu hukitupa pamoja na katoni.

Maji ya mfereji nayo yana tabia zake. Sehemu kubwa ya maji ya Nairobi hutoka bwawa la Ndakaini, husafishwa Ng'ethu, kisha huteremka yenyewe hadi matangi ya Gigiri bila kusukumwa. Jiji lenyewe limeinama: magharibi, upande wa Karen na Kabete, ni juu, mashariki, upande wa Embakasi, ni chini. Aliye bondeni huweza kukaa siku kadhaa bila tone, halafu siku ya mgao maji yakaja yakivuma. Saa nane za usiku, watu wakiwa wamelala na koki zimefungwa, presha kwenye bomba hupanda zaidi. Ndiyo sababu mpira unaopeleka maji kwenye tangi la choo hupasuka usiku wa manane, mkaamka nyumba inaelea. Ukitaka kupima presha ya kwako, pima wakati huo. Geji ndogo ya kufungwa kwenye koki inapatikana kwenye maduka ya vifaa vya mabomba, na hata ukiiazima kwa fundi itakuambia mengi kuliko maneno yake.

Sasa tuingie ndani ya shawa. Ukiifungua utakuta vyumba viwili. Chumba kimoja ni cha maji, na humo mna koili inayochemsha. Kingine ni cha stima, na humo mna visahani vidogo vya shaba. Ukuta ulio kati yao ni kiwambo cha mpira, mfano wa ngozi ya ngoma. Ukifungua koki, maji hukisukuma kiwambo, kiwambo husukuma visahani vikagusana, stima ikapita kwenda kwenye koili. Ukifunga koki, kiwambo hurudi, stima inakatika. Hakuna ujanja mwingine mle ndani. Mpira huo ndio unaoamua lini stima iwake, na mpira huohuo ndio unaoyazuia maji yasifike kwenye stima.

Ukiupiga kila asubuhi kwa maji ya kasi, utachoka. Kwanza hulegea, kisha huchanika pembeni, mahali usipopaona. Maji huanza kupenya kidogo kidogo kuingia kwenye shaba. Utasikia harufu ya plastiki inayoungua, au utaona taa za nyumba zikipepesa ukioga. Shawa mbili kati ya zile tatu za Pipeline zilikuwa zimekufa kifo hicho. Ya tatu ilikuwa imepasuka ganda.

Hilo la ganda linahitaji maelezo, kwa sababu hapo ndipo mafundi wengi wanapokosea. Shawa ya kichwani, ile inayonyunyiza moja kwa moja, haikuundwa kubana maji. Koki iko kabla yake, na baada yake kuna matundu tu. Maji yakishaingia lazima yatoke. Mtu akifunga koki nyingine mbele yake, au akiweka mpira wa mkononi wenye kitufe cha kuzima maji, ameligeuza ganda lile la plastiki kuwa tangi la presha. Matundu yakiziba matokeo yanakaribiana. Maji ya visima vya upande wa Embakasi na Syokimau mara nyingi yana chumvi, na chumvi hiyo huganda kwenye sahani ya matundu kama ukoko wa birika. Loweka sahani kwenye siki usiku mmoja, usugue kwa mswaki wa zamani, uirudishe. Kwa maji hayo pia nunua shawa iliyoandikwa kwamba ni ya maji ya chumvi. Ya maji ya kawaida yasiyo na chumvi itakula koili moja baada ya nyingine.

Kasi ya maji inaharibu pia joto lenyewe, na huku ndiko watu wanakoungulia. Shawa ya wati 5,500 ina nguvu hiyo na haiongezi hata kidogo. Chukua maji ya Nairobi asubuhi, tuseme nyuzi 18. Yakipita lita 3.5 kwa dakika, yatatoka kwenye nyuzi 40 hivi, joto la kuoga vizuri. Yakipita lita 7, yatatoka nyuzi 29, na utaoga ukitetemeka ukisema shawa ni mbovu. Basi unaizungusha hadi moto wa mwisho na kuiacha hapo. Siku moja jirani wa juu anafungua mashine ya kufua, presha inashuka ghafla, maji yako yanabaki lita 2 kwa dakika, na joto linaruka hadi nyuzi 57. Maji yakikaribia nyuzi 60, ngozi ya mtu mzima huungua kwa sekunde chache tu, na ya mtoto kwa muda mfupi zaidi. Usimweke mtoto chini ya shawa kisha ndio ufungue maji. Fungua, weka mkono wako, subiri yatulie, ndipo umwite. Akiungua, mmwagilie maji ya kawaida yanayotiririka kwa dakika 20, na dawa ya meno iache kwenye mswaki.

Dawa ya kwanza ya presha mara nyingi tayari umeinunua. Ndani ya katoni nyingi mna kifuko chenye kipande cha plastiki cha mviringo, kina tundu dogo katikati. Ni kipunguza maji, na hukaa pale bomba linapoingia kwenye shawa. Maelekezo ya baadhi ya shawa hizi husema kiwekwe presha ikizidi mita 8 za maji, sawa na ghorofa karibu tatu juu yako. Katoni ya yule mama ilikuwa na vipande vitatu, vyote bado vimefungwa kwenye vifuko vyake. Kinyume chake, mwenye tangi juu tu ya bafu asikiweke, maana maji yatakosa nguvu ya kusukuma kiwambo na shawa haitawaka.

Je, kubana koki nusu kunasaidia? Kwa shawa ya kichwani, ndiyo, kwa sababu mbele yake kuko wazi: maji yakipungua kwenye koki, presha ndani ya ganda inapungua pia. Weka valvu ndogo ya pembeni, ibane mara moja hadi mtiririko ukupendeze, uiache hapo, na koki ya kuogea uitumie kufungua na kufunga tu, polepole. Lakini kwa zile hita za ukutani zinazolisha sinki na bafu pamoja, ambazo koki ziko mbele yake, kubana hakusaidii kitu. Koki zikifungwa, maji yanasimama, na maji yaliyosimama hurudia presha yote ya tangi hata kama yamepita kwenye tundu la sindano. Nyumba kama hiyo inahitaji valvu halisi ya kupunguza presha, ile yenye springi, ikifungwa pale maji yanapoingia nyumbani na kuwekwa bar 2 hivi. Wakati uleule itaokoa mipira ya choo na mashine ya kufua.

Pampu sasa. Kwenye ploti ndefu wapangaji wa juu hulalamika maji hayafiki, mwenye ploti ananunua pampu, na wa chini wanaanza kupasukiwa. Pampu ya kawaida ya nyumbani huwaka presha ikishuka kwenye bar 1.4 hivi na kuzima ikifika 2.8. Pembeni yake kuna tangi dogo jekundu au la buluu lenye hewa ndani, kazi yake kulainisha kupanda na kushuka huko. Hewa ikiisha, pampu huanza kukohoa: inawaka, inazima, inawaka tena kila sekunde chache. Shawa yako inakohoa nayo, visahani vinagusana na kuachana huku vikitoa cheche, hadi vinaungua. Mwambie mtunzaji wa ploti ajaze hewa kama anavyojaza tairi, pampu ikiwa imezimwa na maji yamefunguliwa yakaisha. Ni kazi ya dakika kumi, na sijaona inayopuuzwa kama hiyo.

Kuna pia nyundo ya maji, ule mshindo wa "dung!" ukutani mashine ya kufua inapokata maji. Maji yanayokimbia mita 1 kwa sekunde yakisimamishwa ghafla kwenye bomba la chuma, presha hupanda kwa zaidi ya bar 10 kwa kitambo kidogo sana. Bomba la plastiki hunyumbuka na kupunguza makali, lakini haliyamalizi. Kama unaisikia nyundo hiyo, usioge mashine ikiwa inafua.

Siku ya mgao, maji yanaporudi, mabomba yamejaa hewa na matope. Hewa iliyobanwa inaweza kusukuma kiwambo vilevile kama maji, stima ikawaka, na koili ikajikuta inachemka bila maji. Haichukui muda kukatika. Kwa hiyo zima swichi ya shawa, fungua koki ya sinki iteme hewa na kutu, kisha fungua shawa ikiwa baridi mpaka maji yatoke bila kukoroma, ndipo uwashe. Utaratibu ni huohuo kwa shawa mpya au iliyobadilishwa koili. Na usizungushe kidude cha joto maji yakiwa yanatiririka. Funga maji, badilisha, fungua tena.

Kwa upande wa stima sitakaa sana, kwa kuwa mengi mmeyasikia. Wati 5,500 kwa volti 240 ni ampea 23. Plagi ya kawaida ya ukutani ni ya ampea 13, na ekstensheni haina habari na mzigo huo. Shawa inataka waya wake peke yake kutoka kwenye kisanduku cha breka, wa shaba, wa milimita 4 za mraba au 6 kwa umbali mrefu, breka yake ya ampea 32, na swichi inayokata waya zote mbili, ikiwa nje ya bafu au ya kamba darini. Kazi hiyo ni ya fundi mwenye leseni ya EPRA, mamlaka inayosimamia nishati Kenya. Waya wa ardhini ufike kwenye ardhi ya kweli. Zamani mafundi waliufunga kwenye bomba la chuma, lakini siku hizi mabomba mengi ni ya plastiki, na waya uliofungwa kwenye plastiki ni pambo tu. Kwa shawa nyingi hizi koili iko uchi ndani ya maji, kwa hiyo ardhi si jambo la hiari.

Ukigusa koki ikakutekenya, usitafute ndara. Najua nyumba ambazo ndara za kuogea hukaa mlangoni pa bafu na mgeni huambiwa, "Vaa hizo, stima iko kidogo." Hakuna stima ya kidogo bafuni. Zima breka na uoge kwa beseni mpaka ikaguliwe.

Fundi akimaliza kukufungia, usitoe pesa bado. Mwambie afungue shawa, aiache iwe moto, kisha mtu afungue sinki ya jikoni na mwingine avute choo kwa pamoja, huku wewe mkono uko chini ya maji. Joto likiruka, presha haijatulizwa. Halafu nenda kwenye kisanduku ubonyeze kitufe chenye herufi T kwenye swichi ya kinga ya miliampea 30, ile inayokata stima inapovuja. Kama hakuna swichi hiyo, au ukibonyeza na isikate stima, kazi haijaisha.