Benki ikisimamishwa, hela inaenda wapi na taarifa zako zinabaki kwa nani?

Kila ikitokea tetesi kwamba benki fulani imefungwa basi Mwanjelwa nzima hapa Mbeya inageuka wataalamu wa fedha, mara hela za watu zimeliwa, mara serikali imechukua, mara wenye mikopo wameponea hapo hapo maana aliyewakopesha hayupo tena. Nusu ya hayo sio kweli na nusu nyingine ni kweli kidogo tu, na shida inaanzia kwenye kuchanganya mambo matatu tofauti ambayo huku mtaani yote tunayaita kufungwa. Halafu kuna jambo moja watu hawaliulizi kabisa: zile fomu ulizojaza siku ya kufungua akaunti, picha, sahihi, dole gumba, namba ya NIDA, jina la mrithi, namba ya simu, pamoja na historia nzima ya hela zako kuingia na kutoka, vinabaki kwa nani benki ikishapigwa kufuli?

Tuanze na kusimamishwa kwenyewe. Anayeweza kuisimamisha benki hapa Tanzania ni Benki Kuu, BoT, kwa sheria ya mabenki na taasisi za fedha ya 2006. Sio mkuu wa mkoa, sio polisi, wala sio wateja wakijaa mlangoni. Na BoT haianzi na kufuli. Mara nyingi inaanza na masharti, mfano benki inaambiwa isitoe mikopo mipya, au isiwagawie wanahisa gawio, au isifungue matawi mpaka irekebishe hesabu zake, na hapo wewe mteja unaweza usijue chochote, unaenda ATM unatoa hela yako unarudi zako Uyole kama kawaida.

Hatua inayofuata ndio ile inayotoka kwenye taarifa ya habari: benki inawekwa chini ya usimamizi. Bodi na menejimenti wanawekwa pembeni, BoT inateua msimamizi wake anaingia na kushika kila kitu. Twiga Bancorp iliwekwa hivyo Oktoba 2016, baadaye 2018 ikaunganishwa na TPB, ile Benki ya Posta ambayo leo ndio TCB. Bank M ilishikwa tarehe 2 Agosti 2018 na huduma zikasimamishwa siku 90, wakati huo BoT inatafuta namna ya kufanya, na Januari 2019 ikaamuliwa mali na madeni yake yaende Azania Bank. Kwahiyo kusimamishwa ni kama lori kuzuiwa pale mizani ya Makambako, mzigo upo, dereva yupo pembeni, ila halitembei mpaka kieleweke. Sio raha, hasa kama mshahara wa vibarua wako umo humo, lakini benki bado haijafa.

Ya tatu ndio kifo chenyewe, kufutiwa leseni na kuingia kwenye ufilisi. Na hii sisi watu wa nyanda za juu kusini hatuhitaji kusimuliwa, tarehe 4 Januari 2018 BoT ilifuta leseni za benki tano kwa mpigo na mojawapo ilikuwa Njombe Community Bank, benki ya wananchi wenyewe wa Njombe, nyingine zilikuwa Covenant, Efatha, Meru Community na ile ya wakulima wa Kagera. Sababu iliyotajwa ilikuwa mtaji mdogo kuliko unaotakiwa. Mwaka uliotangulia, Mei 2017, ilikuwa zamu ya Mbinga Community Bank kule Ruvuma. Hizi benki za wananchi zilikuwa na nia nzuri sana, ila mtaji wake ulikuwa mwembamba na wakopaji wake wengi wanategemea kitu kimoja, bei ya mazao ikianguka wote wanakwama msimu mmoja, mikopo chechefu, yaani isiyolipwa, inajaa, na mikopo chechefu ikishajaa mtaji unaliwa kimya kimya. Kwa mtazamo wangu mimi wale wateja hawakutendewa haki na waliochelewa kuwaambia hali halisi, lakini BoT kuiacha benki ya namna hiyo iendelee kupokea amana za watu ingekuwa vibaya zaidi.

Sasa hela. Benki ikifilisiwa anayeingia ni DIB, Bodi ya Bima ya Amana, yeye ndio anateuliwa mfilisi. Bima yenyewe hukulipia wewe, benki ndio zinachangia. Wakati wa Njombe kiwango cha juu kulipwa haraka kilikuwa shilingi milioni 1.5 kwa mteja, kuanzia 2023 kimepanda mpaka milioni 7.5. Ni kwa mteja kwa benki moja, sio kwa kila akaunti, kwahiyo ukiwa na akaunti tatu kwenye benki hiyo hiyo zinajumlishwa. Mtu mwenye milioni 10 analipwa 7.5 kwenye bima, ile 2.5 anasubiri mfilisi auze majengo, magari, akusanye mikopo, agawe kinachopatikana, na hapo inaweza kuchukua miaka na asipate yote. Na kama una mkopo hapo hapo usishangae deni likiangaliwa kwanza kabla ya kulipwa. Benki ikichukuliwa na nyingine kama ilivyokuwa kwa Bank M basi haya ya bima hayakuhusu sana, akaunti yako inahama na salio lake.

Angalizo la haraka kwa wale wa SACCOS na VICOBA: DIB hawahusiki na huko. Bima ni ya benki na taasisi zinazopokea amana kwa leseni ya BoT.

Haya, turudi kwenye taarifa, maana hapa ndio patamu na ndio pasipoandikwa. Watu wanadhani kulinda taarifa za mteja maana yake ni kuficha tu, fulani asijue una shilingi ngapi. Hiyo ni nusu. Nusu ya pili ni kwamba taarifa zako ziwe sahihi, na benki ikifungwa hii nusu ya pili ndio inakulipa au inakuumiza. Mfilisi hakujui. Hajui kwamba wewe ni yule mama wa viazi anayekuja na kitenge kila Jumatatu na meneja anamwita shangazi. Anachokiona ni orodha kwenye kompyuta, jina, namba ya akaunti, salio, kitambulisho. Sasa kwenye NIDA umeandikwa Subilaga, kwenye akaunti ya 2011 karani aliandika Subiraga kwa ile barua ya mtendaji, simu uliyoandikisha ilishapotea na laini ameshapewa mtu mwingine. Hapo utazungushwa, na wala sio roho mbaya, yule mtu hawezi kutoa hela kwa jina ambalo halifanani. Viapo, barua za serikali ya mtaa, nenda rudi, nauli ya kutoka Makete mpaka Njombe mjini juu. Na kama mwenye akaunti ameshafariki ndio usiseme, mirathi inaanzia mahakamani.

Kwahiyo kurekebisha taarifa zako ni haki yako na sio fadhila ya karani. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inakupa haki ya kujua wana taarifa gani zako, kuziona, kudai zirekebishwe, kukataa zisitumike kukutangazia biashara, na kudai fidia ukiumizwa. Sheria hiyo hiyo inaweka miamala ya fedha ya mtu kwenye kundi la taarifa nyeti, pamoja na alama za vidole. Maana yake statimenti yako ya benki inalindwa kwa ukali kuliko vile watu wanavyoichukulia pale kwenye steshenari. Na hapa niseme kidogo, nenda steshenari yoyote ya mjini uangalie boksi la kopi zilizoharibika, utakuta NIDA za watu, barua za mkopo, kurasa za pasibuku, halafu jioni ukinunua karanga unafungiwa na kopi ya kitambulisho cha mtu wa Ilomba sura inaonekana kabisa. Tunalaumu benki kuvujisha na sisi wenyewe tunaacha makaratasi kaunta.

Je benki ikisimamishwa hizo haki zinasimama nazo? Hapana. Kinachosimama ni biashara, wajibu wa kutunza siri unabaki. Wafanyakazi wa benki wanabanwa na sheria ya mabenki kutotoa siri za wateja, na aliyeachishwa kazi kwasababu tawi limefungwa hana ruhusa ya kuondoka na orodha ya wateja kwenye flashi akaipeleke kwa bosi wake mpya. Msimamizi wa BoT akiingia anashika mifumo na mafaili kwa wajibu ule ule. DIB akiwa mfilisi naye hivyo hivyo. Benki nyingine ikinunua au kukabidhiwa, taarifa zinahamia kwake kwa kazi ile ile ya kuendesha akaunti yako, ikianza kukutumia meseji za kukuuzia bima na vikoba vya kidijitali unaweza kusema sitaki. Kampuni ikipatikana na hatia ya kutoa taarifa kinyume cha sheria faini inaweza kufika shilingi bilioni 5.

Wanaoruhusiwa kuona wapo, tusidanganyane. BoT wenyewe, mahakama ikiamuru, kitengo cha kudhibiti fedha haramu, na taasisi za kuchakata taarifa za wakopaji ambazo zinajua kama unalipa au unakimbia. Na ukifikiria kudai kila kitu kifutwe siku benki inapofungwa haitawezekana, sheria za kuzuia utakatishaji fedha zinataka kumbukumbu zitunzwe miaka kadhaa, na kusema kweli ingekuwa hatari kwako, maana ushahidi kwamba uliweka hela uko humo humo.

Wenye mikopo nao. Mkopo haufi na benki. Deni lako ni mali ya benki, mfilisi atalidai au atalihamishia kwa mwingine, na huyo mwingine anapewa kinachohitajika kulidai, jina, kiasi, dhamana, mawasiliano yako. Kuwapigia majirani na wakwe zako kuwatangazia deni hilo ni jambo lingine kabisa, ule ni mtindo wa zile programu za mikopo ya simu zinazonyonya namba zote za simu yako. Novemba 2024 BoT ilitoa orodha ya programu 69 za namna hiyo zisizo na leseni. Mtu akikudai kwa staili hiyo akisema katumwa na mfilisi mdai barua yenye mhuri kwanza.

Ambayo inatuleta kwa matapeli, na hawa wanapenda sana kipindi cha kusimamishwa kwasababu watu wana hofu na wanasubiri simu. Inapigwa mchana, sauti ya mtu mstaarabu, "Mama shikamoo, naongea kutoka Benki Kuu kitengo cha malipo ya wateja, tunahamisha salio lako kabla ya ijumaa, naomba unithibitishie namba nne za siri." Ameshakutajia jina lako lote na tawi lako, kwahiyo unaamini. Jina na tawi anaweza kuwa amevipata popote, hata kwenye karatasi ya karanga. BoT haina akaunti yako, haikuhamishii salio kwa simu, na DIB wanatangaza malipo kwa tangazo la wazi, redioni na kwenye magazeti, wanataja yatalipwa wapi na uje na nini. Namba ya siri haihitajiki popote kwenye kazi hiyo, ATM ya benki iliyofungwa haifanyi kazi, sasa PIN yake ya nini?

Unachotakiwa kuwa nacho ni kitambulisho, pasibuku au kadi, risiti za kuweka hela na statimenti ya karibuni. Ichapishe ukiwa huna shida, sio siku ambayo mlango una karatasi ya tangazo. Ukienda tawini waombe wakuonyeshe jina lako lilivyoandikwa kwenye mfumo, dakika tano tu, linganisha na NIDA herufi kwa herufi, badilisha namba ya simu, jaza mrithi.

Na ukiwa na malalamiko jua pa kuyapeleka. Kwanza benki yenyewe kwa maandishi na ubaki na nakala iliyogongwa mhuri. Wakikuzungusha nenda BoT, wana tawi hapa hapa Mbeya kwahiyo watu wa Songwe, Rungwe na Chunya hawana haja ya kupanda basi la Dar. Kama shida ni taarifa zako kuvujishwa au kutumiwa bila ridhaa peleka Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, hiyo ilizinduliwa rasmi Aprili 2024 na kazi yake ndio hiyo. DIB usiwapelekee kesi ya taarifa kuvuja kwenye benki ambayo bado iko hai, wao utawaona leseni ikishafutwa.