Joto la kuchoma chokaa: namna ninavyosoma namba za programu za thamodinamiki

Neno chokaa hubeba vitu vitatu ambavyo mkemia hana ruhusa ya kuvichanganya. Jiwe la chokaa, liwe limechimbwa mlimani au ni matumbawe ya pwani, ni kalsiamu kaboneti, CaCO₃. Likichomwa tanuuni hutoa kaboni dioksaidi na kubaki oksaidi ya kalsiamu, CaO, yaani chokaa isiyozimwa. Nayo ikimwagiwa maji hugeuka hidroksaidi ya kalsiamu, Ca(OH)₂, ambayo ndiyo chokaa iliyozimwa inayopakwa ukutani. Chokaa ya kilimo inayouzwa kwa mifuko, kwa kawaida, ni lile jiwe la kwanza lililosagwa tu. Mtu akiniuliza kuchoma chokaa kunahitaji joto kiasi gani, kazi yangu huanza kwa kujua anazungumzia ipi, na ndiyo maana sitafuti kitu katika kanzidata yoyote kwa jina lake, bali kwa namba yake ya CAS.

Namba hiyo ni kitambulisho ambacho kila dutu imepewa yake. Kalsiamu kaboneti ni 471-34-1, oksaidi yake ni 1305-78-8, na kaboni dioksaidi ni 124-38-9. Tarakimu ya mwisho ni ya kukagua. Chukua kaboni dioksaidi: ukianzia kulia, baada ya kuiacha ile 9, unazidisha 8 kwa 1, 3 kwa 2, 4 kwa 3, 2 kwa 4 na 1 kwa 5, jumla ni 39, na tarakimu yake ya mwisho ni 9. Ukikosea kuandika tarakimu moja, mara nyingi hesabu hiyo inakataa. Najua inaonekana kama jambo dogo, lakini makosa mengi niliyowahi kuyasahihisha yalianzia hapa, kwa mtu kuchagua dutu jirani katika orodha.

Sasa tuchome jiwe letu. Takwimu zinazopatikana katika vitabu vingi vya kiada, kwa nyuzi joto 25, zinasema enthalpi ya uundaji, yaani joto linaloingia au kutoka dutu inapoundwa kutoka elementi zake, ni −1,206.9 kJ kwa moli (kipimo cha mkemia cha kiasi cha dutu) kwa jiwe, −635.1 kwa oksaidi, na −393.5 kwa kaboni dioksaidi. Ukijumlisha mazao na kuondoa malighafi unapata 178.3 kJ kwa kila moli, ambazo ni sawa na megajuli 3.18 kwa kila kilo ya chokaa isiyozimwa. Entropi zake, yaani vipimo vya mtawanyiko wa nishati, ni 92.9, 39.8 na 213.7, zote kwa juli kwa moli kwa kelvini, na tofauti yake ni 160.6. Kumbuka kwamba enthalpi imetolewa kwa kilojuli na entropi kwa juli, karibu katika kila programu ninayoifahamu. Asiyelitazama hilo hupata jibu lililokosewa mara 1,000. Gawanya enthalpi kwa entropi, 178,300 kwa 160.6, na utapata joto ambalo jiwe lingeanza kuvunjika: kelvini 1,110, yaani nyuzi 837.

Kijana mmoja niliyekuwa nikimsimamia aliniletea lahajedwali lenye namba hiyo hiyo, akitaka tuitumie kupanga joto la tanuu. Hesabu yake haikuwa na kosa hata moja, lakini jibu halikufaa. Katika shinikizo la angahewa moja la kaboni dioksaidi, jiwe la chokaa huvunjika kati ya nyuzi 890 na 900. Tofauti ya nyuzi zaidi ya 50 ilitokana na kutumia takwimu za nyuzi 25 kana kwamba hazibadiliki hadi moto wa tanuu, ilhali zinabadilika, kwa sababu jiwe lina uwezo wa kubeba joto ulio mkubwa kuliko wa mazao yake mawili yakijumlishwa, na pengo hilo huongezeka kadiri joto linavyopanda. Enthalpi ya uvunjikaji inashuka kwa kiasi cha kilojuli 10 hivi, entropi nayo inashuka, na kwa uwiano entropi ndiyo inayoshuka zaidi; basi ukigawanya upya, joto linasogea juu. (Ndani ya tanuu lenye upepo mzuri gesi haijai kaboni dioksaidi tupu, hivyo uvunjikaji huanza chini ya hapo, lakini katikati ya jiwe kubwa, gesi inaposongamana bila njia ya kutoka, ni hizo nyuzi 890 na kuendelea ndizo zinazotawala.)

Hapa ndipo programu inapomshinda mtu mwenye jedwali la nyuma ya kitabu, kwa kuwa haitoi namba moja bali hutoa mlinganyo. NIST, taasisi ya taifa ya viwango na teknolojia ya Marekani, ina tovuti ya bure iitwayo Chemistry WebBook, na kwa dutu nyingi hutumia mlinganyo wa Shomate: uwezo wa kubeba joto ni A + Bt + Ct² + Dt³ + E/t². Kwa kaboni dioksaidi, kati ya kelvini 298 na 1,200, A ni 24.99735, B ni 55.18696, C ni −33.69137, D ni 7.948387 na E ni −0.136638. Kwa kelvini 1,000 hesabu ni nyepesi, kwani t inakuwa 1 na unajumlisha tu: unapata 54.3 J kwa moli kwa kelvini. Kwa kelvini 298.15 mlinganyo huo huo unatoa 37.1. Gesi ile ile, lakini uwezo wake wa kubeba joto umeongezeka kwa karibu nusu.

Ile t, hata hivyo, si joto lenyewe, bali ni joto la kelvini lililogawanywa kwa 1,000. Ukiingiza 1,000 badala ya 1 mlinganyo utakupa takribani bilioni 7.9, na afadhali iwe hivyo, kwa sababu kosa kubwa namna hiyo hujionyesha lenyewe. Ninaloliogopa zaidi ni kuvuka mpaka. Vizidishi hivyo vinakoma kelvini 1,200, na juu yake kuna seti nyingine kabisa inayofika 6,000. Mlinganyo hautakukatalia ukiupa kelvini 1,500; utakupa namba yenye sura ya kuaminika. Kwa hiyo katika kila programu ninayoandika, kiwango cha chini na cha juu cha joto hukaa pamoja na vizidishi, na hesabu husimama ikiombwa kitu nje ya hapo.

Jambo jingine ni kutochanganya seti za takwimu. Seti nyingine inayotumika sana ina enthalpi −1,207.6 na entropi 91.7 kwa jiwe, −634.9 na 38.1 kwa oksaidi, na 213.8 kwa entropi ya gesi. Hesabu ile ile nyepesi inatoa nyuzi 845 badala ya 837. Seti zote mbili ni za kuheshimika, lakini ukichukua jiwe hapa na oksaidi kule, unaingiza tofauti za wapimaji ndani ya tofauti ya dutu zako.

Hali ya dutu nayo ina uzito wake, na kuzima chokaa kunalionyesha hilo vizuri. Enthalpi ya uundaji ya hidroksaidi ya kalsiamu ni −986.1. Ukichagua maji kimiminika, −285.8, kuzima moli moja kunatoa kilojuli 65.2. Ukibofya mstari wa juu yake kwa bahati mbaya na kuchukua mvuke, −241.8, unapata 109.2. Katika skrini zote mbili zimeandikwa H₂O, na kinachozitofautisha ni herufi moja ndogo pembeni.

Kwa maji yenyewe, na kwa gesi na vimiminika vya viwandani, natumia CoolProp, programu huria inayoweza kuitwa kutoka ndani ya Python, lugha ya kuandikia programu. Kila ninapoisakinisha kwenye kompyuta mpya naiuliza maji yanachemka kwa joto gani katika paskali 101,325, yaani shinikizo la angahewa moja, nayo hujibu kelvini 373.124, yaani nyuzi 99.97. Wanafunzi hudhani imekosea kwa sababu haikusema 100 kamili, kumbe katika kipimo cha joto cha kimataifa cha mwaka 1990 hiyo ndiyo namba sahihi. Enthalpi zake, hata hivyo, hazijumlishwi na zile za WebBook. Sifuri ya enthalpi ya maji katika CoolProp ni maji kimiminika katika nyuzi 0.01, ilhali sifuri ya enthalpi za uundaji ni elementi katika nyuzi 25. Kinachoweza kuhamishwa kutoka programu moja kwenda nyingine ni tofauti kati ya hali mbili za dutu ile ile, na si zaidi.

Tofauti hiyo ndiyo iliyobadilisha ushauri ninaowapa wachomaji wa pwani. Mvuke wa nyuzi 100 una kilojuli 2,676 kwa kilo, maji ya nyuzi 25 yana 105, basi kukausha kilo moja ya maji kunahitaji kilojuli 2,571 kwa uchache. Kilo moja ya chokaa isiyozimwa hutokana na kilo 1.78 za jiwe kavu. Matumbawe yaliyonyeshewa, yakiwa na maji asilimia 10 ya uzito wake, huingia tanuuni na maji gramu 198 kwa kila kilo hiyo, ambayo hula megajuli 0.51 za kuni kabla jiwe halijaanza kuvunjika: karibu moja ya sita ya zile megajuli 3.18. Wengi huniuliza kama matumbawe, kwa kuwa madini yake ni aragonaiti, yanahitaji joto tofauti na jiwe la mlimani lenye kalsaiti. Tofauti ya enthalpi za uundaji za madini hayo mawili ni takribani kilojuli 0.2 kwa moli, na haitaonekana katika kuni za mtu yeyote. Wayaanike mawe kwanza, na msimu wa masika wayafunike.